Kabla Hujashusha Injini

Mlio ulianza nikiwa gia ya tatu, nimempakia abiria, napandisha kamlima kadogo karibu na nyumbani. Ulikuwa mlio wa kusaga, unakuja na kuondoka, na kila nikiongeza mwendo nao unaongeza. Pikipiki yangu ni ya zamani, injini yake ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China viliiga baadaye. Fundi wa kwanza aliipiga kiki, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: giaboksi imekwisha, injini ishuke. Akaniandikia gia mbili, beringi nne, gasketi seti nzima, na ufundi wa siku tatu.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa mtaani kwetu, aliyeanza kazi hii kabla bodaboda hazijajaa mjini. Hakugusa spana. "Mwanangu, izime kwanza," akaniambia. Akaisimamisha kwa stendi kubwa, akaiweka frii, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Mlio ule ule ukatoka, injini ikiwa imezimwa. Spoketi ndogo ya mbele ilikuwa imelika hadi meno yamepinda kama ndoana, na cheni ilikuwa na viungo viwili vilivyoganda. Nilinunua seti ya cheni na spoketi zake mbili, ikafungwa kabla chai haijapoa, nikarudi barabarani mchana ule ule.

Tangu hapo nimeshika neno moja, nalo ndilo ninalotaka mwenye pikipiki kuukuu alisikie: gharama kubwa ya mlio wa giaboksi si gia. Ni kushusha injini bila sababu. Bei za spea hubadilika kila msimu na kila duka, kwa hiyo sitazitaja. Nitapima kwa siku za kazi, kwa sababu siku ndizo zinazomuumiza dereva. Tuseme hesabu ambayo dereva humpelekea tajiri, mwenye pikipiki, ni shilingi 10,000 kwa siku. Pikipiki ikilala gereji siku nne, 40,000 imepotea kabla hujanunua hata boliti, na chakula cha dereva mwenyewe bado hakijahesabiwa.

Jaribio la mzee halina gharama. Ila lina kona moja: ukiwa frii na ukazungusha tairi, shafti ya kutolea nguvu ndani ya giaboksi nayo inazunguka kwa sababu imeungwa na cheni. Kwa hiyo ukisikia mlio, toa cheni. Zungusha tairi peke yake, kisha zungusha spoketi ndogo kwa vidole. Tairi likikwaruza, ni beringi za habu. Spoketi ikikwaruza au ikicheza juu na chini, basi beringi ya shafti ndiyo mgonjwa, na hapo kweli injini itashuka. Vyote viwili vikiwa kimya, mtuhumiwa ni cheni. Cheni ya 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za aina hii, hupimika kwa rula: viungo 20 vya cheni mpya ni milimita 254, ukipima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikifika 259 imekwisha, na kuikaza zaidi ni kuiua beringi ya shafti.

Ikiwa mlio unasikika pikipiki imesimama, injini inawaka na iko frii, acha ipate moto kisha minya klachi taratibu. Mlio ukipotea, umetoka kwenye kikapu cha klachi au beringi ya shafti ya kuingizia nguvu, maana klachi ikiminywa shafti hiyo huachwa. Mlio ukitokea pale tu unapominya, ni kiberingi kidogo cha kusukuma klachi. Hicho, pamoja na kikapu na sahani za klachi, viko nyuma ya kava la upande wa kulia. Injini haishuki. Unahitaji gasketi moja, oili mpya na nusu siku. Mwambie fundi, kava likishafunguliwa, asafishe na kichujio cha oili kinachozunguka na krenki. Injini hizi hazina filta ya karatasi, uchafu mwingi hujikusanya pale, na nimeona pikipiki zilizotembea miaka bila mtu kukigusa.

Gia moja tu ikilia, na nyingine zote zikiwa kimya, jozi ya gia hiyo imelika au imevunjika jino. Ikilia katika kila gia kwa kufuata mwendo wa tairi, na tayari umeondoa mashaka ya cheni, ni beringi. Mlio wa "kang" unapoingiza namba moja asubuhi injini ikiwa baridi si ugonjwa. Oili nzito inaziburuta sahani za klachi. Rekebisha kebo ili mkono wa klachi uwe na mchezo wa sentimita moja hadi mbili, halafu usikilize upya.

Ushahidi wa mwisho kabla ya kutoa fedha kubwa ni oili. Imwage ikiwa ya moto kwenye beseni safi, upitishe sumaku. Uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino au beringi. Chembe za rangi ya shaba, ambazo sumaku haizivuti, zimetoka kwenye bushi. Hapo ndipo fundi wa kushusha injini anapostahili kuitwa, na ndipo hesabu inapobadilika kabisa.

Kushusha na kupasua injini huchukua siku mbili hadi nne spea zikiwepo. Ufundi ni ule ule ukibadilisha beringi moja au zote, kwa hiyo kubana matumizi hapa ni hasara: badilisha beringi zote za giaboksi na oili sili zake. Gia inunuliwe kwa jozi. Gia mpya ikikutana na mwenzake aliyelika, zitalia tena na kulana. Beringi, usiombe "beringi ya pikipiki". Soma namba iliyochongwa ubavuni, kwa mfano 6203 ni milimita 17 kwa 40 kwa 12, popote duniani, uende nayo kwenye duka la beringi. Huko unapata nafasi ya kulinganisha bei na ubora, badala ya kupewa kilichopo kwenye pakiti.

Wapo watakaokushauri ununue injini kuukuu nzima. Kazi yake ni ya siku moja, na hilo ndilo linalovutia. Lakini unanunua mlio wa mtu mwingine, na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Ikibadilika bila taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), utajieleza barabarani. Mimi siichukui ila nimeiona ikifanya kazi ndani ya pikipiki, yenye mzigo, gia zote.

Kwenye oili wengi hudanganyika, wanunuzi wa pikipiki hasa. Oili nzito kupita kiasi hufunika mlio kwa wiki chache, na wauzaji wanalijua. Ukienda kununua pikipiki kuukuu, fika asubuhi ukute injini baridi, na uiendeshe hadi ipate moto kamili. Kwa matumizi yako, tafuta 20W-50 yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano huiteleza klachi, kwa sababu klachi, gia na krenki hapa vinaoga oili moja, nayo ni kama lita moja tu. Lita hiyo, ikibadilishwa kwa wakati, ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote niliyoyataja.

Mlio wa cheni unaweza kusubiri hadi jioni. Gia inayoruka yenyewe ukiwa kwenye mzigo, au vipande vya chuma kwenye oili, haviwezi. Jino likivunjika na kubanwa kati ya gia, giaboksi hufunga na tairi la nyuma husimama ghafla ukiwa kwenye mwendo. Ukifikia hapo, tafadhali usimpakie mtu. Isukume hadi gereji.