Go

Go ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya msingi ya kwenda, yaani kutoka mahali fulani na kuelekea pengine. Maumbo yake ni "go", "goes", "going", "went" na "gone".

Asili

Kitenzi hiki kimetokana na "gān" cha Kiingereza cha Kale. Kina undugu na "gehen" cha Kijerumani na "gaan" cha Kiholanzi.

Umbo "went" halikutokana na "go". Katika Kiingereza cha Kale wakati uliopita wa "gān" ulikuwa "ēode". "Went" lilikuwa umbo la kitenzi kingine, "wend", chenye maana ya kugeuka na kushika njia. Kufikia karne ya 15 "went" lilikuwa likishika nafasi ya umbo lile la kale, nacho "wend" kikapata umbo jipya, "wended". Kwa hiyo mtoto anayesema "goed" anafuata kanuni ya kawaida, ila historia ya lugha ilipita njia nyingine. Kiswahili nacho kina maumbo ya pekee katika vitenzi vinavyotumika kila siku: amri ya "kuja" ni "njoo", na ya "kwenda" ni "nenda".

Matumizi

* Nia au wakati ujao: "I am going to read" ina maana ya "nitasoma". Msemaji si lazima awe anakwenda popote.
* Mabadiliko ya hali: "go blind" ni kupofuka, "go bad" ni kuharibika.
* Pamoja na "off": bomu likifanya hivyo limelipuka, maziwa yameharibika, taa imezimika, lakini kengele ya saa imelia. Maana hutegemea kinachotajwa.

Makosa ya kawaida

Wasemaji wa Kiswahili huchanganya "gone" na "been", kwa sababu "amekwenda Mombasa" yaweza kubeba maana zote mbili. "She has gone to Mombasa" ina maana kwamba bado hajarudi. "She has been to Mombasa" ina maana kwamba amewahi kufika huko. Anayemwulizia mtu ofisini akajibiwa kwa sentensi ya kwanza, asikae kumsubiri.