Kipupwe Juu ya Milima ya Shimba

Wageni hucheka wakitusikia sisi watu wa Mombasa tukilalamikia baridi. Lakini aliyeamka alfajiri ya mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini na manyunyu yakipita na kurudi, anajua kwamba Pwani nayo ina majira yake ya baridi. Hicho ndicho kipupwe, miezi ambayo jua halichomi na mtu aweza kutembea mchana bila ya kuungua. Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha matembezi cha akina mama kilichagua Jumamosi moja ya kipupwe kwenda kushinda katika Milima ya Shimba, huko Kwale.

Kikundi chenyewe hakina makubwa. Tulianza wanawake watano, tukitembea kando ya bahari kwa nusu saa baada ya Sala ya Alfajiri, kisha kila mtu akirudi kwake kuwatayarisha watoto. Leo tumefika kumi na wanane. Wengi wetu tulianza kwa kuagizwa na daktari: huyu ana sukari, yule ana presha, mwingine magoti yamekaza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka nusu saa siku tano kunatimiza kiasi hicho. Tulilolianza kama dawa limekuwa furaha, na udugu umeshikana humo.

Mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi na hujidunga insulini. Siku ya kikao cha kupanga safari, baadhi yetu tulimshauri abaki. Tulisema kwa adabu, lakini tulisema: "Bi Mkubwa, njia ni ya kuteremka na kupanda. Ukibaki nyumbani, nyoyo zetu zitatulia." Akatutazama mmoja mmoja, kisha akajibu: "Wanangu, miaka arubaini nimewapikia wengine chai ya safari. Mara hii nami nataka kuinywa huko juu." Hapakuwa na la kujibu. Jina lake likaandikwa.

Tulivuka feri ya Likoni mapema asubuhi katika matatu mbili za kukodi, moja ikiendeshwa na mume wa mwenzetu na ya pili na mwanawe. Kombani tukaiacha barabara ya Lunga Lunga, tukapinda kulia kuelekea Kwale. Barabara ikaanza kupanda, minazi na miembe ikibaki chini yetu, na ukungu ukatupokea. Madirisha yakafungwa, mitandio ikakazwa. Kuna vilele huko vinavyopita mita 400 juu ya usawa wa bahari. Si kimo cha kutajwa mbele ya Kilimanjaro, lakini kwa watu wa kisiwani chatosha kumfanya mtu atafute sweta.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Shimba ilitangazwa rasmi mwaka wa 1968. Ni maarufu kwa ndovu, na zaidi kwa palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma, ambaye hapa Kenya ndipo maskani yake yalipo. Tulimwona dume mmoja mweusi amesimama katika nyasi zenye umande, na gari zima likanyamaza. Subhanallah. Twaishi umbali wa kilomita chache tu kutoka kwa kiumbe huyu, na wengi wetu hatukuwahi kumwona ila siku hiyo.

Kwa ajili ya ndovu na nyati, mtu hatembei humo apendavyo. Anayetaka kushuka kwa miguu hadi Maporomoko ya Sheldrick hufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Tulipewa askari wawili, na masharti yao yalikuwa mepesi: tusipige kelele, asitangulie mtu wala asibaki mtu nyuma. Sote tukaitikia.

Njia ni ya kiasi cha kilomita mbili, ikiteremka msituni. Imekuja katika Sunna kwamba masahaba katika safari zao walikuwa wakileta takbira wapandapo na wakisabihi wateremkapo. Tukaona siku ya kuihuisha adabu hiyo ndiyo hii. Basi tuliteremka tukisabihi kwa sauti ya chini, mmoja akianza na wengine wakiitikia, hadi mngurumo wa maji ukatufikia. Maji yanaanguka kutoka zaidi ya mita 20 na kukusanyika katika kidimbwi baina ya miamba. Tukavua viatu, tukatia miguu, tukapiga yowe la baridi kama watoto. Kisha tukatawadha kwa maji hayo.

Kosa letu lilitokea wakati wa kurudi. Kupanda kulitugawa. Vijana wetu, wenye pumzi, walitangulia na askari wa mbele, na kikapu cha tende na chupa za chai kikawa mgongoni mwa mmoja wao. Sisi wengine tulifuata polepole, tukileta takbira mwinuko kwa mwinuko, na sauti ya Bi Mkubwa ikiitikia nyuma yetu. Ghafla mmoja wetu akasimama. "Mbona haitikii?"

Tulimkuta ameketi juu ya mzizi wa mti, askari wa nyuma akiwa amemwinamia. Jasho lilimtiririka ilhali sisi tulikuwa tukitetemeka kwa upepo, na mikono yake ilikuwa ikicheza. Tulipomuuliza hali, akasema: "Feri imeshafika?" Miongoni mwetu yumo muuguzi mstaafu, naye hakuhitaji kusikia zaidi. Sukari ilikuwa imeshuka. Akaomba kitu kitamu, upesi. Tukatazamana, kwa kuwa mikononi mwetu palikuwa na maji matupu. Tende zilikuwa zimetangulia.

Alhamdulillahi, mama mmoja alikumbuka pakiti ya juisi ya embe iliyosalia mkobani mwake tangu alipomchukua mtoto shuleni. Bi Mkubwa alikuwa bado aweza kumeza, akanyweshwa taratibu. Askari akawaita wenzake kwa redio. Zile dakika 15 za kungoja zilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Vijana waliporudi wakihema na kikapu, akala tende tatu na kipande cha mkate. Jasho likakauka, macho yakatulia, akatutazama na kusema: "Mbona mmenizunguka kama maiti? Nipisheni nipate hewa." Wengine walicheka, wengine walilia.

Baadaye alitueleza. Alfajiri alijidunga kipimo chake cha kila siku, lakini hakula ila chai kavu. Alichelea kutapika garini, na alichelea kuomba gari lisimame ajisaidie. Alianza kuona kizunguzungu tangu kule chini kwenye maji, akanyamaza. "Ningesema," alituambia, "mngenambia: si tulikwambia ubaki?"

Hapo tuliinamisha vichwa. Tulidhani siku ile kikaoni tulikuwa tukimhurumia. Kumbe tulimfundisha kuficha udhaifu wake ili asiachwe, na huko kuficha ndiko kulikokaribia kumwangamiza. Ni mara ngapi majumbani mwetu tunawafanyia hivi wazee wetu? Twawaambia "wewe pumzika", twawaondoa katika safari na shughuli, kisha twashangaa kwa nini hawatuambii wanapoumwa.

Tulipofika juu ilikuwa saa sita na nusu. Tukatandika misala penye uwanda wa nyasi, tukasali Adhuhuri jamaa. Msichana mmoja aliuliza kama tupunguze, akaelezwa kwamba Kwale ni karibu mno. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi masafa ya kupunguza Sala hupita kilomita 80, basi tukasali rakaa nne kamili. Kisha chupa za chai ya tangawizi zikafunguliwa, mahamri na mbaazi zikaandaliwa, na kikombe cha kwanza akapewa Bi Mkubwa. Ukungu ulikuwa umefunguka, na bahari ikaonekana mbali, nyeupe kama sahani. Askari akatwambia kwamba maji ya chemchemi ya Marere, yatokayo katika milima hii, yamekuwa yakipelekwa Mombasa tangu zama za Waingereza. Bi Mkubwa akatabasamu. "Basi nimeyanywa maji ya hapa umri wangu wote," akasema. "Haki yangu kuja kuyashukuru."

Wasomaji wetu, twayaandika haya kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani zina mgonjwa wa sukari. Ikiwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na anataka kutembea mwendo mrefu, kwanza amuulize daktari wake kuhusu kipimo cha siku hiyo. Asitoke bila ya kula. Kitu kitamu akibebe yeye mwenyewe, si mwenzake. Dalili za kushuka kwa sukari ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na maneno yasiyopangika. Zikitokea, apewe upesi nusu glasi ya soda au juisi yenye sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji. Asubiriwe dakika 15, na ikiwa hakupata nafuu apewe tena, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Jioni akaguliwe nyayo, kwa kuwa maradhi haya huua hisia za miguu na lengelenge dogo laweza kuwa kidonda kikubwa.

Kikundi chetu nacho kimejiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na wengine wote hufuata nyuma yake. Ya pili, kabla ya kuondoka kila mtu husema wazi alivyoamka na alichokula, na hakuna ruhusa ya kumwambia mtu "ungebaki".

Jumamosi iliyofuata, baada ya Alfajiri, tulikutana ufukweni kama kawaida. Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kufika, viatu vyake vya raba vimefungwa kamba vizuri na mfuko mdogo wa tende ukining'inia kiunoni juu ya baibui. Tukampisha mbele, tukaanza kutembea kwa mwendo wake.

Wabillahi tawfiq.