Bahari ilinidanganya: kuanza triathloni ukikaa Njiru

Wale mliozoea kunisoma nikilalamikia kodi na mambo ya bandari, leo mnivumilie kidogo. Nina habari za maji, baiskeli na magoti.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi ya kutoa mizigo ndiyo iliyonihamisha, reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018 na sisi tukayafuata bara. Nikapanga nyumba Njiru na hadi leo niko. Mwaka jana daktari aliniambia sukari yangu iko mpakani. Marehemu baba alikatwa mguu kwa sukari akiwa na miaka 58. Mimi nina 46. Sikulala usiku ule.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenitajia triathloni. Ni mashindano ya mambo matatu yanayofuatana: unaogelea, unatoka majini na kupanda baiskeli, kisha unaiacha baiskeli na kukimbia. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Iliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na masafa ya huko ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio. Ile kubwa ya Ironman, iliyoanzia Hawaii mwaka 1978, ni kilomita 3.8, 180 na 42.2. Hiyo tuwaachie wenyewe. Nusu yake hufanyika hapa jirani, Rwanda, tangu 2022, na watu huogelea Ziwa Kivu pale Rubavu. Anayeanza hutazama masafa mafupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mbio nitajizoeza, baiskeli nitanunua, na kuogelea, ah, si ndiyo maisha yetu sisi!

Njiru kuna mito miwili inayokutana, Nairobi na Ngong, lakini mmoja umepita kando ya jaa la Dandora na mwingine Eneo la Viwanda. Humo hata kidole usitie. Nikatafuta bwawa la kulipia, la mita 25. Mita 750 ni kulivuka mara 30. Nililivuka mara tatu nikashika ukuta, moyo ukinipiga kama ngoma. Mwalimu wa pale, kijana wa Kayole aliyezaliwa mbali na bahari, alichuchumaa ukingoni akaniuliza kwa adabu, "Mzee, ulijifunzia wapi kuogelea?" Nikamjibu Mombasa. Akatabasamu. "Basi unapigana na maji."

Nilikasirika, wallahi, lakini alikuwa na haki. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa, hukubeba hata ukiogelea vibaya. Sisi wa pwani huogelea kichwa kikiwa juu, tukitazama tunakokwenda na kupiga soga. Kichwa kikiinuka, miguu huzama, na mwili unakuwa kama jahazi linaloburura nanga. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na pumzi hukatika mapema.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kuzuia pumzi. Nilikuwa nikiibana uso ukiwa majini, kisha nikiinua kichwa nataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja. Haiwezekani. Hewa chafu hujaa kifuani, na hiyo ndiyo inayoleta ile hofu ya kuhisi unakufa. Dawa ni kutoa pumzi taratibu ndani ya maji, mapovu yatoke puani na mdomoni, halafu ugeuze uso pembeni uvute hewa tu. Wiki mbili nzima sikufanya kingine. Nilishika ukuta nikipuliza mapovu kama mtoto mchanga, huku watoto wa shule wakinipita. Mwezi wa tatu nikamaliza mara 30 bila kusimama. Nikakaa ukingoni nikilia, na miwani ya kuogelea ikanisitiri.

Baiskeli haikunisumbua hivyo. Nilinunua ya mtumba yenye gia, shilingi 15,000, fundi akabadilisha breki. Kiti kipime hivi: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Huondoka baada ya Alfajiri kukishapambazuka, siku ya Jumapili, kwa Barabara ya Kangundo kupitia Ruai hadi Kamulu na kurudi, na hapo zile kilomita 20 nimezipita. Ikifika saa mbili niwe nyumbani, maana malori ya mchanga na matatu hazina huruma. Helmeti si hiari. Kwenye mashindano lazima uivae na kuifunga kabla hujagusa baiskeli, na huifungui mpaka uirudishe mahali pake.

Kisha mbio. Njiru si kazi kupata wa kukimbia nao, kila alfajiri vijana wapo. Ila kushuka baiskelini na kukimbia papo hapo ni jambo jingine. Miguu huwa magogo, kwa kuwa imezoea kuzunguka na sasa unaitaka ibebe mwili. Fanya zoezi hilo mara moja kwa wiki, hata dakika kumi tu, ili siku ya siku usishtuke. Mwezi wa Ramadhani mimi hupunguza, natembea kidogo kabla ya kufuturu na bwawa naliacha baada ya Tarawehe. Mwenye sukari au presha amuone daktari kwanza, asiniige mimi.

Kinachoniuma ni hiki. Lamu kuna mashindano ya kuogelea wakati wa sherehe zao, na kila kijiji cha pwani kina maji mlangoni, lakini ni wangapi tumefunzwa kuogelea na mtu anayejua? Na mabinti zetu je? Wengi wamekulia hatua chache kutoka baharini na hawajui hata kuelea. Mama yangu ameishi miaka 70 akiyasikia mawimbi kutoka chumbani mwake, na maji hayajawahi kumpita magotini.

Binti yangu wa miaka 11 alinisikia nikiyasema haya mezani. Akauliza, "Baba, na mimi je?" Sikuwa na jibu. Bwawa letu lina saa ya wanawake peke yao kila Jumamosi asubuhi, na mwalimu ni mwanamke. Nimemlipia miezi mitatu. Mamake naye ameulizia bei ya vazi la kuogelea lenye stara, eti anauliza tu.