Kuogelea, Baiskeli na Mbio: Ushindani Uliotufanya Ndugu

Kila Jumamosi baada ya Sala ya Alfajiri, ua wa msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, hujaa baiskeli. Nyingi ni Phoenix kuukuu ambazo siku nyingine hubeba mikate, samaki na madumu ya maji. Wenyewe ni watu wapatao thelathini: mafundi, walimu, wachuuzi, wanafunzi wa sekondari, na mstaafu mmoja wa bandari ambaye magoti hayamruhusu tena kukimbia lakini hakosi kuja kushika saa. Wakishamaliza nyiradi zao, hupanda baiskeli na kuelekea Raskazone, ambako mchezo huanzia baharini, huendelea barabarani na kuishia mlangoni mwa msikiti.

Mchezo wenyewe ni triathloni, yaani mashindano ya fani tatu yanayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Sisi huogelea mita 300 kwa kufuata ufukwe, tukaendesha baiskeli kilomita 16 kwenda na kurudi kwa barabara ya Pangani, tukamalizia na kilomita 4 za mbio.

Naandika makala haya nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, na ni haki niseme mapema kwamba nilikuwa miongoni mwa waliotaka mchezo huu upigwe marufuku.

Asili ya mchezo

Mashindano yanayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hii yalifanyika tarehe 25 Septemba 1974 katika ghuba ya Mission Bay, mjini San Diego, Marekani. Waliyaandaa wanachama wa klabu ya wakimbiaji ya mji huo waliotaka kubadilisha mazoezi yao, na washiriki walikuwa 46 tu. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 1978, watu 15 walianza safari ndefu zaidi katika kisiwa cha Oahu, Hawaii: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, kisha mbio za marathoni nzima. Mashindano hayo yalizaliwa na ubishi wa wanamichezo juu ya nani aliye na nguvu zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Waliofika mwisho ni 12, na wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Mwaka 2000 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki mjini Sydney.

Kwetu uliletwa na mwalimu kijana wa hesabu. Mji wa Tanga ni mji wa baiskeli, bahari tunayo, na miguu kila mtu kapewa. Hapakuhitajika fedha nyingi.

Siku tuliyokosea

Mashindano yetu ya kwanza yalifanyika yapata miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya tarehe 16 Rajab. Mtaa mzima ulikuwa ukiyangoja, kwa sababu ya watu wawili. Mmoja ni yule mwalimu wa hesabu, aliyekulia kando ya bahari na kuogelea kama samaki. Wa pili ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye barabarani hakuna aliyeweza kumfikia. Walikuwa wakitaniana kutwa. Mwalimu akipita kibandani, fundi alimwambia, "Sheikh, nitakuona vumbini." Naye hujibu, "Utaniona kwanza majini, ukiweza kufungua macho." Vijana wakagawanyika pande mbili, na utani ukaanza kuingia ukali.

Tulianza saa moja asubuhi. Hakuna aliyeuliza habari ya maji. Lilikuwa bamvua, maji yalikuwa yamejaa kabla ya alfajiri, na saa ile yalikuwa yakitoka kwa nguvu. Kijana mmoja wa miaka 16, mwana wa jirani yangu, aliyekuwa nyuma ya wenzake, akaanza kuchukuliwa kuelekea nje. Sisi tuliokuwa ufukweni tulipiga makelele, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa na chombo wala kamba.

Mwalimu alikuwa mbele ya wote. Fundi, kwa kushangaza, alikuwa wa tatu, pengine siku yake bora kabisa majini. Wote wawili wakasikia, wakageuka. Walimfikia kijana akiwa amekwisha kunywa maji, wakamshika huku na huku, na kwa kuwa mwalimu aliijua bahari, hawakushindana na mkondo. Waliukata kwa mshazari, polepole, mpaka mvuvi aliyekuwa akirejea kutoka uvuvi wa usiku akawapakia watatu katika ngalawa yake. Waliposhushwa, mwalimu alikuwa akitetemeka, na fundi alikuwa amemkumbatia kijana akilia kama mtoto.

Siku ile kuna mtu aliyefika wa kwanza msikitini. Hadi leo sikumbuki alikuwa nani, wala hakuna aliyeuliza.

Kikao cha kamati

Wiki iliyofuata niliandika kwa mkono wangu ajenda ya kikao, na ndani yake nikaweka pendekezo kwamba msikiti ujitenge na mchezo huo na baiskeli zisiwekwe tena uani. Niliona ninatimiza amana. Roho ya mwana wa watu ilikuwa karibu kupotea, na baadhi ya wazee walikuwa wamekwisha kulalamika kwamba michezo ni kazi ya mapwaguzi.

Alisimama mzee mmoja, nahodha wa zamani wa majahazi, akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Bwana Katibu, wewe mwezi unaujua. Saumu unaianza kwa mwezi, Idi unaiswali kwa mwezi. Bahari nayo inaufuata mwezi huohuo. Mbona hukuutazama?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma chuoni miaka kadhaa, nikahesabu miezi ya Kiislamu kila siku katika kumbukumbu za vikao, na haikunipitia kwamba tarehe 16 ni siku ya bamvua.

Kisha Imamu akatueleza ujumbe alioletewa na mama wa yule kijana. Mama huyo alimpoteza mdogo wake katika meli ya MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua huzuni ya usiku ule. Ombi lake lilikuwa fupi: tusimzuie mwanawe kuingia baharini, bali tumfundishe. Alisema kwamba mdogo wake alizaliwa na kukulia ufukweni na hakuwahi kufundishwa kuogelea.

Niliomba ruhusa ya kuliondoa pendekezo langu. Katika kumbukumbu imeandikwa kwamba liliondolewa na katibu mwenyewe.

Kanuni tulizojiwekea

Tangu siku ile mashindano yetu hupangwa kwa mwandamo. Huwekwa Jumamosi inayoangukia siku za maji mafu, baina ya tarehe 8 na 10 au 22 na 24, ambapo mkondo ni dhaifu na asubuhi maji huwa yanajaa kwa upole. Mzee nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema leo hapana, tunarudi nyumbani. Ngalawa mbili hutangulia, na hakuna anayeogelea peke yake: kila mmoja hupewa mwenzake, na anayemwacha mwenzake majini huondolewa mchezoni hata akiwa wa kwanza. Mavazi ni ya kusitiri kitovu hadi magoti. Na asiyeswali Alfajiri kwa jamaa hapangiwi nafasi siku hiyo, isipokuwa mwenye udhuru.

Suala lililotuchukua vikao viwili ni la zawadi. Vijana walipendekeza kila mshiriki atoe shilingi elfu mbili na jumla yake achukue mshindi. Imamu alilikataa hilo, kwa kuwa kila mmoja anaweka mali yake akiwa baina ya kupata na kukosa, na huo ndio mlango wa kamari. Alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (SAW) alitaja dau katika mashindano ya ngamia, farasi na mishale. Wanavyuoni wametofautiana juu ya mengineyo, nasi tukachagua njia ya usalama. Michango yetu hununua maji, maboya na dawa za majeraha. Anayeshinda hupata dua na kikombe cha uji kama wenziwe.

Mafunzo ya mashindano katika Sunna

Wako waliodhani kwamba ushindani na udugu haviwezi kukaa pamoja. Lakini tukirejea sira tutaona mengine. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (SAW) alishindanisha farasi waliofunzwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiofunzwa akawapangia masafa mafupi zaidi. Huo ni uadilifu wa kumpa kila mmoja masafa anayoyaweza, nasi tuliuiga kwa kuwawekea wanafunzi wadogo nusu ya njia.

Katika kitabu hichohicho imo habari ya watu wa kabila la Aslam waliokuwa wakishindana kulenga mishale. Mtume (SAW) aliwatia moyo, akasema yuko pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili wakazuia mikono yao: vipi watapiga naye yuko upande wa wenzao? Hapo akawaambia waendelee, kwani yuko pamoja nao wote. Nilipoisoma habari hiyo mbele ya vijana wetu waliokuwa wamegawanyika pande mbili, sikuhitaji kuongeza hotuba.

Na imo pia habari ya ngamia wa Mtume (SAW), Adhbaa, aliyekuwa hapitwi. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Waislamu waliumia, naye Mtume (SAW) akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Allah kuwa hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila hukishusha. Mchezaji aliyeielewa hadithi hii hushinda bila kiburi na hushindwa bila chuki.

Hata katika viwanja vya kimataifa tabia njema huonekana, na mwenye macho huichukua popote aionapo. Mwezi Septemba 2016, huko Cozumel, Mexico, Mwingereza Jonathan Brownlee aliishiwa nguvu kwa joto akiongoza, mstari wa mwisho ukiwa mita mia chache tu mbele yake. Kaka yake Alistair, aliyekuwa nyuma yake, aliacha nafasi yake ya kushinda, akamshika begani, akamkokota na kumsukuma mstarini kabla yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini aliwapita akawa wa kwanza. Tulipowasimulia vijana, mmoja wao akasema, "Huyo ni kama fundi wetu."

Matunda yake

Sidai kwamba mchezo umetatua kila jambo. Safu za Alfajiri hujaa Jumamosi. Jumatatu bado twahesabiana kwa vidole. Lakini nimeshuhudia mengi. Mwalimu alipofiwa na baba yake, waliochimba kaburi ni watu anaoshindana nao. Fundi amewachukua vijana wawili waliokuwa wakishinda vijiweni na sasa wanajua kuunga mnyororo na kunyoosha rimu. Fundi mwenyewe amefundishwa kuogelea na mpinzani wake, kila Jumapili kwa mwaka mzima. Katika mashindano ya mwisho kabla ya Ramadhani iliyopita alitoka majini akiwa hatua chache tu nyuma ya mwalimu, na barabarani hakushikika tena. Mwalimu alifika wa pili akihema, akasema, "Nimejishindishia mtu mwenyewe." Wakakumbatiana.

Na yule kijana wa miaka 16 sasa ni mtu mzima wa miaka 19. Hashindani majini. Amejitolea kuogelea nyuma ya wote, kifuani amejifunga boya jekundu na macho yake yako kwa anayechelewa. Hiyo ndiyo nafasi aliyoiomba.

Na mabinti je?

Nimalizie na jambo ambalo bado liko mezani. Mwezi uliopita mama wa kijana huyo alileta tena ujumbe kwa Imamu, safari hii akiuliza: "Na binti yangu je?" Ana binti wa miaka 12.

Swali lake ni la haki. Bi Aisha (RA) amesimulia mwenyewe, kama ilivyo katika Sunan Abu Daud, jinsi alivyoshindana mbio na Mtume (SAW) safarini, akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili akashindwa, naye akamwambia kwa utani kwamba hiyo ni kwa ile. Na kujifunza kuogelea kumetajwa, katika hadithi iliyopokewa na Imamu Nasai, miongoni mwa mambo yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. Meli inapozama haichagui mwanamume na mwanamke.

Akina mama wa mtaa wamekwisha kuanza mbio zao Jumapili asubuhi ndani ya uzio wa shule. Kilichobaki ni kuogelea, na hapo tunahitaji vitu viwili: mahali pa faragha na mwalimu wa kike. Kamati imekubali kugharimia nauli na posho ya mwalimu kwa miezi sita ya mwanzo. Dada yeyote mwenye ujuzi huo, au ndugu mwenye bwawa lililositirika, afike ofisi ya msikiti baada ya Sala ya Alasiri.

Ajenda nimeiandika mimi. Safari hii nimeiweka ya kwanza. Wabillahi tawfiq.