Tiketi ya Kutishwa

Waverly Hills ni hospitali ya zamani ya kifua kikuu katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani. Wagonjwa waliondoka siku nyingi. Kila Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, ilipokaribia, jengo hilo lilikuwa likigeuzwa nyumba ya vitisho na watu walilipa kiingilio ili watishwe. Miongoni mwa waliopita humo alikuwemo mama mmoja ambaye wanasayansi humtaja kwa herufi mbili tu, S.M. Aliingizwa pamoja na wanawake wengine asiowafahamu. Wenzake walipiga mayowe na kusitasita. Yeye alitangulia, akawaita wamfuate, akacheka na kutaka kuongea na mazimwi. Hata alimdonoa mmoja wa mazimwi hao kichwani kwa kidole, apate kujua anagusika vipi. Aliyeruka kwa mshtuko ni zimwi.

Usimwite jasiri. Ana ugonjwa nadra wa kurithi uitwao Urbach-Wiethe, ulioziharibu amigdala zake zote mbili, yaani vile vinundu vyenye umbo la lozi vilivyomo ndani ya ubongo, kimoja kila upande, ambavyo hupokea habari ya hatari na kuuamsha mwili hata kabla hujatambua umeona nini. Justin Feinstein na wenzake walichapisha kisa hicho mwaka 2011. Miaka miwili baadaye wakaeleza walivyomvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksaidi: yule yule aliyewacheka mazimwi akashikwa na kiwewe. Hofu inayoanzia ndani ya mwili, inaonekana, ina njia yake nyingine.

Wengi wetu amigdala zetu ni nzima, na biashara ya nyumba za vitisho imejengwa juu yake. Mojawapo ya kubwa kabisa ni Halloween Horror Nights ya bustani ya burudani ya Universal, Orlando, Florida. Ilianza mwaka 1991 kwa siku chache na nyumba moja. Miaka ya karibuni huwa na nyumba kumi, kuanzia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba hadi siku za kwanza za Novemba. Msomaji anayeishi Marekani, au aliyealikwa na nduguze huko, kwa kawaida huanza kwa kuuliza tiketi na foleni. Tutafika huko. Kwanza ajue mwili wake utafanya nini mle ndani, maana mpango wa safari hii unatokana na hilo.

Mshtuko wa kwanza hauna hiari. Mlio mkali ukipasuka karibu nawe, kope hufumba kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, mabega hupanda, shingo hujikunja. Amri hiyo hutoka kwenye shina la ubongo, bila kusubiri akili ipime. Gizani mshtuko huwa mkubwa zaidi. Hilo limepimwa maabara, na wabunifu wa nyumba hizi wanalijua fika. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza barabara, na mwanga mkali wa mara moja huirudisha kazi hiyo mwanzo. Basi utamulikwa usoni katika chumba kimoja, usukumiwe kwenye ujia usio na taa, na wakati bado huoni kitu, mkono utatokea ukutani. Ukuta huo una kidirisha, na nyuma yake amesimama kijana aliyevaa kinyago, karibu na swichi ya kuwashia taa na sauti. Upande wa pili kutakuwa na sanamu inayotikisika, imewekwa makusudi iyavute macho yako huko. Tena atajitahidi kukutisha kwa ubavuni au kwa nyuma, ili ukimbilie mbele, kwa sababu mteja akirudi nyuma foleni nzima inakwama. Chensoo utakayokimbizwa nayo haina mnyororo. Mngurumo wake ndio wa kweli, nao unatosha.

Sasa kwa nini mtu alipie haya? Jibu lililonikaa zaidi limetoka Denmark, katika Chuo Kikuu cha Aarhus, ambako kuna kituo cha kuchunguza hofu ya burudani. Marc Malmdorf Andersen, Mathias Clasen na wenzao waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo na kuwapitisha kwenye nyumba ya vitisho ya mji wa Vejle, kisha wakawauliza waliogopa kiasi gani na walifurahi kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walioogopa kidogo hawakufurahi sana. Walioogopa kupita kiasi nao hawakufurahi. Raha ilikuwa katikati, na hata mapigo ya moyo yalionyesha hivyo: furaha ilikuwa kubwa pale moyo ulipopanda na kushuka kwa kadiri, si pale ulipopigwa na kishindo kisichokoma. Ni habari ya pilipili kwenye mchuzi, na kila mtu ana kipimo cha ulimi wake.

Habari njema ni kwamba kipimo hicho unaweza kukiongeza au kukipunguza mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Clasen na wenzake waliwapa wageni 280 wa nyumba ile uchaguzi: ama wajitahidi kuogopa kadiri wawezavyo, ama wajikaze kisabuni wasiogope. Wa kundi la kwanza walijiambia kuwa yote ni kweli. Wa pili walijikumbusha kuwa ni maigizo, wakaangalia pembeni, wakawashika wenzao. Mwisho wa safari makundi yote mawili yaliridhika sawasawa. Kwa hiyo yule shemeji anayepita mle amefumba macho huku ameng'ang'ania mkoba wa mtu hajapoteza fedha zake, na kumcheka ni kukosa adabu na kukosa sayansi pia.

Jambo moja litawashangaza wanaodhani wingi wa marafiki ni ngao. Watafiti wa chuo cha Caltech, California, waliwavalisha watu 156 vifaa vya mkononi vinavyopima jasho la ngozi, dalili ya msisimko wa mwili, wakawaingiza kwenye nyumba yenye vyumba 17. Kadiri mtu alivyokuwa na marafiki wengi kwenye kundi lake, ndivyo mwili wake ulivyosisimka zaidi. Yowe la rafiki huongeza moto. Mwenye roho nyepesi aende na mtu mmoja au wawili anaowaamini. Anayetaka kuruka hadi sauti ikauke aende na genge.

Yako madai kwamba vitisho hivi ni dawa ya msongo. Margee Kerr, mwanasosholojia wa Pittsburgh, na wenzake waliwachunguza watu 262 waliopita kwenye nyumba ya vitisho mjini humo, na kwa wastani walitoka na hali nzuri kuliko walivyoingia. Mimi nayapokea matokeo hayo kwa tahadhari: watu wale walikuwa wamejinunulia tiketi kwa hiari yao. Hayasemi lolote kuhusu mtu aliyeburutwa na binamu zake.

Hapa nataka kukaa kidogo. Wakongomani ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka mashariki ya nchi yao. Moja ya dalili za jeraha la akili litokanalo na vita ni mshtuko uliopita kiasi: mlango ukibamizwa, mtu anaruka. Kwa mtu wa namna hiyo, milio ya bunduki za bandia na wanaume wenye mapanga ya plastiki huenda visiwe mchezo hata kidogo, na kumwambia kwamba ni maigizo hakutauzuia mwili wake. Usimpeleke kwa kumshtukiza. Mweleze kilichomo, naye achague. Taa zinazomemeteka pia ni hatari kwa baadhi ya wenye kifafa, na mabango mlangoni huwaonya wajawazito na wenye maradhi ya moyo. Mabango hayo yasomwe.

Hatari iliyowahi kuua kweli ni moto. Tarehe 11 Mei 1984 nyumba ya vitisho katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, iliungua na vijana wanane wakafia ndani. Ilikuwa imeundwa kwa matela yaliyounganishwa, njia zake nyembamba na za giza, na haikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji yanayojifungua yenyewe. Moshi wa kweli ulipoanza, haikuwa rahisi kuutofautisha na mapambo. Baada ya hapo kanuni za zimamoto za Marekani zilikazwa kwa majengo ya aina hii: mabomba hayo, vitambua moshi, na king'ora kikilia lazima taa ziwake na kelele za maonyesho zinyamaze. Ukiingia kwenye nyumba ndogo ya mtaani, iliyopigwa kwa mbao na mapazia gereji kwa mtu, usidhani kanuni hizo zimefuatwa. Uliza mlango wa dharura uko wapi kabla ya kulipa.

Turudi Orlando, kwenye tiketi. Tiketi ya mchana haikuingizi usiku. Bustani hufungwa jioni kisha hufunguliwa upya kwa wenye tiketi ya vitisho, na bei hupanda na kushuka kulingana na tarehe. Jumamosi za Oktoba foleni ya nyumba moja huweza kuzidi muda wa saa mbili, kwa matembezi ya dakika chache tu. Waliokwisha kuwamo tangu mchana, wakiwa na tiketi zote mbili, huruhusiwa kusubiri ndani na kutangulia kwenye nyumba za mwanzo, nayo ndiyo saa bora ya usiku mzima. Wageni hawaruhusiwi kuvaa vinyago wala mavazi ya Halloween. Waigizaji hawakugusi, nawe usiwaguse. Vaa viatu vilivyozoea mguu, na ukumbuke kuwa Septemba Florida kuna joto na mvua za ghafla, na ni msimu wa vimbunga.

Kama uamuzi ni wangu, ningechagua usiku wa katikati ya wiki mwezi Septemba, nyumba nne au tano badala ya kumi, na mapumziko kati ya moja na nyingine ili moyo ushuke. Watoto walio chini ya miaka 13 bustani yenyewe inashauri wasipelekwe, na ushauri huo naukubali bila masharti.