Laini ya Umeme Ikichelewa, Nani Hulipa?

Wanunuzi wa hisa za makampuni ya umeme huangalia zaidi mitambo: ni megawati ngapi, na itawashwa lini. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, umeonyesha kuwa nyaya nazo zina uzito wake katika hesabu.

Kampuni binafsi ilisimamisha mitambo 365 karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa jumla ya megawati 310. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2017. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha umeme kwa wanunuzi. Laini ya kilovolti 400 hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la KETRACO, shirika la serikali la kusafirisha umeme. Ujenzi ulikwamishwa na madai ya fidia za ardhi, kisha mkandarasi wa Kihispania, Isolux Corsan, akaishiwa fedha. Wakandarasi wa Kichina waliimalizia, na umeme ukaanza kupita Septemba 2018.

Hapo ndipo mkataba ulipouma. Mwaka 2010 Kenya Power ilikubali kununua umeme huo kwa miaka 20 kwa masharti ya "chukua au lipa": umeme ukiwepo hulipiwa, hata usipotumika. Benki ya Dunia ilijiondoa mwaka 2012 ikihofia mzigo huo. Laini ilipochelewa, mwenye mitambo alistahili fidia. Serikali ilitoa takriban shilingi bilioni 5.7 taslimu, na salio likaingizwa katika bei ya umeme. Basi walipa kodi na watumiaji wa umeme waligawana hasara.

Wenye hisa nao hawako mbali. KETRACO haiko katika Soko la Hisa la Nairobi. Kenya Power ipo. Bei ya mkataba ni kwa yuro, wakati kampuni hukusanya shilingi. Shilingi ikishuka, gharama hupanda. Sehemu ya ongezeko hilo huhamishiwa kwenye ankara, lakini wateja wakipunguza matumizi au wakichelewa kulipa, pengo hubaki kwa kampuni.

Kwa hiyo, mradi mwingine wa upepo au jua unapotangazwa, maswali ya kuuliza kabla ya kununua ni manne. Laini inajengwa na nani? Wenye ardhi wamekwisha kulipwa? Malipo ni kwa fedha gani? Na kazi ikichelewa, mzigo utamwangukia nani?