Losheni, Kidonge na Hesabu ya Gluteni

Daktari akishathibitisha kwamba mtu ana ugonjwa wa siliaki, jikoni ndiko husafishwa kwanza. Chapati zinaondoka, maandazi yanafuata, mkate na tambi navyo vivyo hivyo. Kwa mtu wa ugali wa mahindi, wali, ndizi na muhogo, pigo hilo linauma lakini halimlazi njaa. Wasiwasi mkubwa huanza bafuni. Nyuma ya chupa ya shampuu pameandikwa Triticum vulgare, jina la kitaalamu la ngano. Krimu ya uso ina Hordeum vulgare, ambayo ni shayiri. Rangi ya mdomo ina mafuta ya kiini cha ngano. Na vidonge vya presha, ambavyo paketi yake haisemi lolote, navyo je?

Wapo wanaotupa kila kitu na kununua upya, kwa bei ya kuumiza, bidhaa zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya fedha hizo hupotea bure, na sababu ni njia ambayo ugonjwa huu unapita. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai. Mtu akiila, vipande vyake ambavyo tumbo limeshindwa kuvimeng'enya hupenya ukuta wa utumbo mwembamba. Huko kimeng'enya cha mwili wenyewe huvibadilisha kidogo, na kwa baadhi ya watu wenye jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, seli za kinga huviona kuwa adui. Katika vita hivyo vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala na kuwa bapa. Yote hayo hutokea utumboni. Ngozi isiyo na jeraha huzuia kwa kawaida molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500, ilhali protini za gluteni hupimwa kwa makumi ya maelfu ya daltoni. Losheni iliyopakwa mguuni hubaki mguuni.

Hata ule upele wa siliaki wenye malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini, ambao Louis Duhring wa Philadelphia aliueleza mwaka 1884, huletwa na gluteni iliyoliwa. Hutulizwa kwa dapsoni, dawa ambayo huku kwetu inajulikana zaidi kwa ukoma, lakini tiba ya kudumu ya upele huo ni kuacha kula gluteni.

Kinachofika mdomoni ndicho cha kupigiwa hesabu. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakimeza gluteni kidogo kila siku kwa miezi mitatu. Waliopewa miligramu 50 utumbo wao uliumia. Tangu hapo wataalamu wengi huichukua miligramu 10 kwa siku kuwa kiwango ambacho wagonjwa wengi hukistahimili. Mwaka 2019, Italia tena, watafiti walipima bidhaa 66 za urembo na za usafi wa kinywa. Ni 4 tu zilizovuka miligramu 20 kwa kilo, kiwango kinachoruhusiwa kwenye chakula kisicho na gluteni, na hakuna iliyofika 40. Rangi ya mdomo ina uzito wa gramu nne hivi. Mtu akiitafuna yote, hata ikiwa ni ile iliyovuka kiwango, atameza takriban sehemu moja ya kumi ya miligramu. Mimi ningeangalia zaidi mikono, maana huku tunakula kwa vidole: kama losheni ina ngano, nawa kabla ya kumega tonge.

Hata hivyo wanaoogopa vipodozi hawakuzusha hofu hiyo hewani. Nchini Japani iliuzwa sabuni ya uso iitwayo Cha no Shizuku, yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa kwa asidi na joto, ambayo jina lake la kiwandani lilikuwa Glupearl 19S. Kazi ya kuvunja haikufika mbali, vipande vikabaki vikubwa. Povu lililegeza kinga ya ngozi, uso ukaoshwa kila siku, na mabaki yakagusa macho na pua. Watu ambao walikuwa wakila mkate na tambi bila shida wakaanza kuvimba kope baada ya kula ngano, hasa wakifanya mazoezi, na wengine wakapata mshtuko wa mzio unaoweza kuua. Sabuni iliondolewa sokoni mwaka 2011, na wagonjwa waliothibitishwa walizidi 2,000. Huo ulikuwa mzio wa ngano, ambao una njia yake na kingamwili zake, tofauti na siliaki. Lakini ulibadilisha sheria: mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliagiza vipande vya protini hiyo katika vipodozi visizidi wastani wa daltoni 3,500. Mwenye mzio wa ngano, basi, ana haki ya kusoma kila chupa.

Tukija kwenye vidonge: dawa yenyewe mara nyingi ni kiasi kidogo, na kinachojaza kidonge ni sukari ya maziwa, selulosi au wanga. Wanga huo huwa zaidi wa mahindi au viazi. Wa ngano ni nadra. Desemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema haifahamu dawa yoyote ya kumeza katika soko lake iliyotiwa gluteni au unga wa ngano kwa makusudi. Vigezo vya dawa vya Ulaya navyo vinataka wanga wa ngano usiwe na protini zaidi ya asilimia 0.3, kwa hiyo kidonge chenye miligramu 100 za wanga huo hakiwezi kubeba hata nusu miligramu ya gluteni. Bado inafaa kumuuliza mfamasia wanga umetokana na nini, na kuuliza tena paketi ikibadilika, kwa sababu dawa ileile mwezi huu inaweza kuwa imetoka India na mwezi ujao ikatoka Kenya, kila kiwanda na vijazio vyake. Virutubisho na unga wa mitishamba havikaguliwi kwa ukali huo. Hapo ndipo ningetia shaka.

Kuna shida nyingine ya vidonge isiyohusu ngano. Utumbo ulioharibika hufyonza dawa vibaya. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo huenda akahitaji dozi kubwa, kisha utumbo ukipona dozi hiyohiyo ikamzidi, hivyo vipimo vya damu hurudiwa. Na olmesatani, dawa ya presha, inaweza kuuiga ugonjwa wenyewe. Mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 22 waliohara na kukonda sana, utumbo ukiwa kama wa siliaki, ilhali kingamwili za siliaki hazikuonekana kwenye damu. Kuacha ngano hakukuwasaidia. Walipoacha olmesatani wakapata nafuu, na mwaka uliofuata Marekani ikaagiza onyo liwekwe kwenye maelezo ya dawa. Anayehara hivyo huku akimeza kidonge hicho ampelekee daktari paketi yake, wala asikiache mwenyewe, kwa sababu presha nayo inahitaji dawa mbadala siku hiyohiyo.